Mchuzi Uliochemka Bila Moto

Mchuzi ulikuwa unachemka, na jiko lilikuwa limezimwa tangu jana.

Mke wa kifungua mimba wa nyumba ile aliinamia sufuria, akatega sikio. Povu lilipanda katikati ya minofu, likavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, likapasuka: pwa! Harufu yake ingemwamsha maiti, naye angeomba arudishwe alikotoka.

"Nani aliutoa kwenye friji?"

"Mimi, shemeji," akajibu mdogo wa mumewe bila haya. "Jana mchana. Sasa soda zingepoa wapi?"

Sebuleni ukoo mzima ulikuwa umekaa, sahani mapajani, ukingoja mchuzi wa mama mkwe, unaosifiwa sikukuu hadi sikukuu. Kuumwaga ni kutangaza vita. Kuupakua ni kuwapanga wageni foleni ya choo, na choo chenyewe ni kimoja.

Akainyanyua sufuria. Papo hapo mama mkwe akaingia, upawa mkononi.

"Unaupeleka wapi mchuzi wangu?"

"Shimoni, mama. Umeharibika. Shemeji aliutoa kwenye friji jana, apooze soda."

"Wangu mimi? Uharibike?"

Akachota, akauinua upawa hadi mdomoni. Mkwewe akaitua sufuria, akamdaka mkono. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea katika ukoo ule tangu dunia iumbwe.

Mchuzi ukatikisika ndani ya upawa, chini kabisa ya pua ya mwenyewe. Pwa!

Mama mkwe akaurudisha upawa sufuriani, akashika sufuria upande mmoja.

"Shika upande huo," akanong'ona. "Tupite mlango wa nyuma, halafu tukaange mayai. Na huyo mwenye kiu atamenya vitunguu vyote."