Mkanda Ndani ya Buti

Mkanda mweupe aliukuta ndani ya buti la mvua la mumewe, umeviringishwa vizuri. Fundi cherehani hadanganywi kwa kitambaa: huo haukuwa mkanda wa suruali. Na mwanamume anayeficha kitu kwenye buti wakati wa kiangazi ana lake jambo.

Akamuuliza wifi yake, huku akikata pindo la gauni.

"Wa taekwondo huo, mchezo wa Kikorea," wifi akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka."

"Na mbona hakuniambia?"

Wifi akautazama mkasi. "Muulize mwenyewe. Ila taratibu, wifi yangu."

Taratibu! Miaka kumi na miwili ya ndoa, halafu mtu anatoka kila Jumamosi bila kuaga, anarudi kanyamaza, na ukinyanyua tu mkono kuchukua kikombe rafuni anashtuka. Mtu hashtuki bure, ana hatia. Moyo ulimuuma kwelikweli. Alimpenda mume wake, na hakuwa tayari kumwachia mwanamke mwingine.

Jumamosi akawahi kwenye ukumbi wa taekwondo kabla ya mumewe, akajiandikisha, akapewa sare ya kuazima. Suruali ilimwishia juu ya vifundo. Kama mshonaji, akaona aibu.

Wanawake walikuwa watano. Akawakagua mmoja mmoja. Bibi mwenye miwani, hapana. Muuguzi mwenye shingo ndefu, huenda.

Mumewe akaingia. Alipomwona, uso ukamparama. Hakusalimia; akaenda kusimama pembe ya mbali kabisa, karibu na mlango.

Nimekupata, fundi akawaza.

Mwalimu akawafundisha kuinama kwa heshima, kisha kuzuia pigo la juu: mkono unapanda, unakinga kichwa. Akampanga fundi na muuguzi. Vizuri sana.

"Mgeni, wewe utapiga, polepole," mwalimu akasema. "Mwenzako atazuia. Wengine tazameni."

Polepole ilimshinda. Fundi akainua mkono na hasira zote za wiki nzima.

Muuguzi akauzuia bila shida. Lakini hakuna aliyekuwa akiwatazama. Wote walikuwa wamegeukia mlangoni, ambako mumewe alikuwa amechuchumaa ukutani peke yake, amejifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi, mke wangu," alikuwa akisema. "Basi, yaishe."