Jina la Punda

Ukame ulipobana, wanyama waliazimia kuhamia bonde la pili, na kama kawaida mizigo yote ikasogezwa kwa Punda. Punda, ambaye tangu ujana wake alikuwa akitafuta namna ya kuikwepa, akanuna.

Kasuku, aliyelelewa barazani kwa mwalimu wa Kiingereza, akatua juu ya magunia kumbembeleza, kwa kuwa tundu lake la chuma nalo lilikuwa kwenye mizigo hiyo.

"Ndugu yangu, hujijui ulivyo mkubwa. Kwa Waingereza jina lako, donkey, ni mashine ya kuvutia nanga melini. Tena wakisema miaka ya punda, ni miaka mingi isiyohesabika. Huko Marekani ni nembo ya chama kizima cha siasa."

"Na mjinga je?" akauliza Punda, ambaye hilo alilijua bila kamusi.

"Hiyo maana ya pembeni tu."

Punda akatafuna majani, akafikiri. "Mwalimu, jina kubwa hivyo linapotea bure kwangu mimi nisiyesoma. Lichukue wewe."

Kasuku akakataa mara moja tu, kwa adabu. Jina likakabidhiwa mbele ya baraza la wanyama kama desturi yao ilivyotaka, Tembo akiwa shahidi, na jioni nzima Kasuku akawa anajitamkia jina lake jipya kwa lafudhi ya Uingereza.

Asubuhi Tembo akaita, "Punda, njoo upakiwe."

Punda wa zamani alikuwa keshatangulia njiani, mgongo mtupu. Kasuku akayatazama magunia.

"Mheshimiwa, hiyo ni maana moja tu kati ya nyingi."

"Najua," akasema Tembo, akiinua gunia la kwanza. "Ndiyo tunayoitumia hapa."