Kidole Juu ya Fundo

Mke aliupasua mnofu wa nguruwe ukafunguka kama kitabu, akaujaza mkate na vitunguu, akaukunja. Kwa hasira alikuwa amejaza kupita kiasi, na sasa nyama ilikataa katakata kufungika.

Yeye na mumewe walikuwa wamenuniana siku nne, hakuna salamu wala kwaheri. Lakini uzi wa kuifungia nyama ulitaka kidole cha kukandamiza fundo, na mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Mume aliingia jikoni, akanawa, akaweka kidole palepale, kama miaka yote.

Mke alivuta uzi kwa nguvu.

"Mama watoto, umenifunga kidole!"

"Najua. Vimebaki tisa, na mafundo bado sita. Lete kingine."