Kumbukumbu ya Karibi

Kumbukumbu zilipoanza kuazimwa kama sufuria, ukimpa mtu yako kwako haibaki mpaka airudishe, Bi Raya aliwapa majirani zote isipokuwa moja: safari ya Karibi na marehemu mumewe. Meli yenyewe ilikuwa ndogo, mpishi akiwajua abiria wote kwa majina, na kila asubuhi marehemu alisimama ukingoni na kofia yake ya ukili, akimwita, "Kipusa, njoo uone kisiwa!"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo.

"Bibi, niazime basi," mjukuu wake Salha alimbembeleza alipoolewa. "Hatuna pa kwenda kula fungate."

"Utaniharibia wewe. Hata mbuzi yangu ya nazi uliirudisha haina meno."

"Ah, Bibi! Hii nitaitunza."

Akampa. Akabaki na pengo, kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

Salha alipoirudisha, Bi Raya alijilaza, akafumba macho. Meli ile ile, harufu ile ile ya kungumanga, kofia ile ile. Marehemu akageuka, akatabasamu.

"Salha," akaita, "njoo uone kisiwa!"