Eda Ndani ya Lori

"Shuka, shemeji," Swedi aliniambia. "Gari nalipeleka Dodoma leo. Limeshapata mnunuzi."

Asubuhi ile tulikuwa tumemzika kaka yake, mume wangu, pale Kondoa. Ilikuwa Julai, na upepo wa baridi ulikuwa unakata masikio.

Tangu biashara ya mitumba iruhusiwe, mimi na marehemu tulizunguka nchi na lori lile. Tulilala humo humo nyuma, chini ya turubai, na kitanda chetu na jiko letu.

Sikushuka. Nikamuuliza sheikh aliyetuzikia, "Eda hukaliwa wapi?"

"Katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Miezi minne na siku kumi."

"Basi ndiyo hii. Sina nyingine."

Swedi akacheka. "Nyumba gani ina matairi?"

"Ile ulimokula pilau Idi iliyopita, ukalamba na sahani."

Sheikh akapanda. Akatazama chungu juu ya jiko, akatazama kanzu ya marehemu iliyotundikwa kwenye chuma. Akashuka taratibu.

"Mjane hatolewi nyumbani kwake," akasema.

Nikanyoosha kiganja nje ya turubai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

"Shemeji, lete ufunguo wa nyumba yangu."