Kiti cha Mwalimu Paulinus

Gari lilipokata kona ya kinu cha unga, Mwalimu Paulinus Emong alijitupa kwenye mahindi pamoja na baiskeli yake.

"Mmemwona?" aliuliza Robinson, mwalimu wa michezo, kutoka kiti cha nyuma. "Leo ameruka kama digidigi."

Sharlyne wa chekechea alicheka hadi kilemba kikamlegea. Mwalimu Asekenye, aliyeshika usukani, hakucheka. Alipiga honi mara moja, kwa upole, akapita. Kiti cha mbele, kando yake, kilikuwa kitupu kwa siku ya nane.

Na kiti hicho, jamani, kilikuwa cha mwenye mpango! Ni Paulinus huyuhuyu, mwalimu wa sayansi, aliyewaambia wenzake mwanzoni mwa muhula kwamba wao wanne wanatoka Malaba kila asubuhi, wanashika barabara moja ya Angurai, wanakwenda shule moja, kwa injini nne. Robinson alimwonyesha foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka.

"Boss, malori yote hayo yanatoa moshi, halafu wewe unahesabu wa pikipiki yangu?"

"Moshi wa lori uko na mwenyewe," Paulinus alijibu. "Huu ni wetu."

Wakakubali. Asekenye, mgeni aliyehamishiwa shuleni muhula huohuo, akajitolea gari lake. Wanafunzi wa Paulinus wakatundika ubao langoni: INJINI ZA LEO. Siku ya kwanza wakaandika moja, wakapiga makofi, na mwalimu wao akashuka kiti cha mbele amevimba kichwa.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Paulinus na Asekenye walipiga soga njia nzima, wakichota karanga katika mkebe mmoja. Paulinus alimsimulia safari zake za kila Jumamosi kwenda Port Victoria, kule ziwani, kununua dagaa wa omena, utadhani Malaba omena zimekwisha. Kisha ikaja Ijumaa ile. Asekenye alikuwa ameliosha gari, ametandika vitambaa vipya vya viti, na kubandika karibu na usukani picha ya bintiye Everlyne, muuguzi wa kule ziwani. Akampa Paulinus karanga kama kawaida. Paulinus akapaliwa, akakohoa mpaka shuleni, akashuka bila kuaga.

Jumatatu akaja na baiskeli.

"Baiskeli haina moshi kabisa," alisema, suruali imejaa matope hadi magotini.

Nani angebisha? Lakini baiskeli haimfanyi mtu ale chakula cha mchana nyuma ya stoo. Wala haimfanyi mtu mwenye adabu zake kukataa mkono wa mama wa watu. Asekenye akiingia ofisi ya walimu, Paulinus alitokea mlango wa pili, chai ameiacha inafuka. Salamu zake alizipitisha kwa Sharlyne, macho chini, kama mtu anayetoka kuungama.

Maneno hayakukosa. Sharlyne alisema zile karanga zilikuwa na kitu. Robinson alisema mwanaume anaogopa kuendeshwa na mwanamke. Asekenye aliyasikia yote, na yalimuuma, maana katika ugeni wake huyu ndiye aliyekuwa rafiki wa kwanza.

"Kama kuna makosa nimefanya, si aniambie tu?" alimuuliza Sharlyne. "Mimi nitaomba msamaha."

Wiki ya pili ikawa mbaya zaidi.

"Mwenye mpango mwenyewe amekataa gari," Robinson alitangaza Jumatano. "Ijumaa hicho kiti kikikaa bure tena, Jumatatu mimi narudia pikipiki yangu."

Sharlyne naye akakumbuka boda wake wa zamani. Ubao ungesoma tatu, mbele ya watoto waliouandika kwa mikono yao. Paulinus aliposikia hivyo machozi yalimlengalenga. Lakini Alhamisi alipita na baiskeli yake.

Ijumaa mvua iliamka kabla ya watu. Asekenye aliamua liwalo na liwe. Alipoiona baiskeli mbele ya kinu, alisimamisha gari, akafungua mwavuli, akashuka.

"Mwalimu Paulinus! Panda gari, utakuwa mgonjwa!"

Alipopiga hatua moja, Paulinus alirudi nyuma mbili. Alipopiga ya pili, Paulinus aliiangusha baiskeli, akaingia kwenye mtaro, maji yakamfika magotini. Akampa mgongo, akajifunika uso kwa daftari za wanafunzi.

"Mama, nakuomba," alisema. "Usikaribie. Si kwa ubaya. Nakuheshimu sana."

Asekenye alisimama palepale. Aliutazama mgongo ule uliolowa, na zile daftari zinazovuja wino. Kisha akageuka, akarudi garini bila haraka, akakunja mwavuli.

"Robinson, huyu Paulinus ni wa ukoo gani?"

"Madam, mimi Msamia nitajulia wapi koo za Wateso? Kwani siku hizi gari linapandwa kwa ukoo?"

Asekenye alichukua leso, akaipangusa vumbi picha ya Everlyne, taratibu, kuanzia kofia hadi viatu. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Wewe hamia hapa mbele," alimwambia Robinson. "Yule hawezi kupanda gari hili tena maisha yake yote; kwetu Wateso, mkwe haketi karibu na mama mkwe. Lakini kwanza shuka umwambie hivi: Jumamosi nawangoja wazee wake nyumbani. Na waje kwa gari moja."