Nauli ya Watu Wawili

"Mama, kwa mwili huo utalipa nauli ya watu wawili," alisema dereva wa bodaboda. "Mlima wa huko mbele unaitesa pikipiki."

Wenzake pale kijiweni Mpapura wakacheka. Somoe hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ametoka eda juzi tu, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza kwenda kwa dada yake Mikindani bila mumewe.

Miaka yote ya ndoa yao marehemu alimpakia kwenye baiskeli. Kila walipofika mlimani Somoe aliomba kushuka, na kila mara mumewe alikataa. "Wewe ukichoka kukaa, shuka," alimwambia huku akihema. "Mimi sijachoka." Basi Somoe aliegemeza shavu mgongoni kwake, kwenye shati lililolowa jasho na kunuka moshi wa korosho, akausikia moyo wake ukipiga kwa nguvu. Hakuna siku aliyomwambia kuwa ni mzito.

"Vipi, mama? Twende, au unamsubiri mwingine?"

Somoe alifungua pindo la kanga, akatoa nauli ya watu wawili, akamkabidhi.

"Haya, mwanangu. Nimelipia wawili," alisema. "Sasa sogea mbele kidogo, baba watoto apate pa kukaa."

Dereva alitazama nyuma ya Somoe, mahali pasipokuwa na mtu.

Kisha akasogea.